Yule Asiyetia Chumvi

Kwetu, ukitaka kujua mwanamke yuko katika hali gani, usimtazame usoni. Tazama nani anatia chumvi kwenye chungu chake.

Mila hii nimeikuta. Mwanamke akiwa katika siku zake, au mimba ikiwa imemtoka, atapika kila kitu. Atatwanga kisamvu, atakuna nazi, atasonga ugali wa muhogo, lakini chumvi hataigusa. Atamwita mwingine aje atie. Wazee wanasema akitia yeye mwenyewe, waliokula watakohoa na watoto watavimba miguu. Mimi sijui kama ni kweli. Nimeishia kidato cha pili, na kwenye biolojia nilikuwa napata zile alama ambazo mwalimu anakupa kwa huruma. Ninachojua ni kwamba hakuna anayeuliza. Unaitwa, unachukua kifuu cha chumvi, unatia, unaonja, unakwenda zako. Ndiyo adabu yenyewe, tulifundishwa unyagoni, na anayeuliza "kulikoni" anaonekana hakuchezwa akachezeka.

Watu wa Newala wananijua kwa kucheka. Nasuka nywele kwenye kibanda karibu na stendi, na mteja akikaa kwangu haondoki bila kusikia habari za saluni yangu ambayo haipo bado. Itakuwa na kioo kinachoanzia sakafuni, viti vya kuzunguka, na tangi langu mwenyewe la kukinga mvua, maana huku juu kwetu maji ni vita. Dada yangu alikuwa ananicheka.

"Saluni ya maji ya mvua! Kiangazi utawaosha watu vichwa kwa mate?"

"Wewe utakuja bure, kwa hiyo kaa kimya."

"Bure na mate ya watu? Sitaki."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa, mimi na yeye. Lakini tangu msimu ule wa kupuliza mikorosho nimekuwa mtu wa kushtuka. Mlango ukigongwa kwa haraka, nasimama. Nikisikia nesi fulani amehamishwa, usingizi unakata. Nitaeleza kwa nini.

Mtoto wa mwisho wa dada alizaliwa kwa kupasuliwa, katika hospitali moja upande wa Masasi. Mimi ndiye niliyemuuguza dada. Daktari aliyempasua alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita kuku, na mfukoni mwa koti lake jeupe hazikukosekana korosho za kuchoma. Alinikuta nafua kanga nyuma ya wodi, akanipa korosho kadhaa kiganjani kama anampa mtoto.

"Sikiliza, wewe mdogo mtu," akasema. "Kizazi cha dada yako kilianza kuchanika. Nimekishona, lakini fikiria gunia lililoshonwa. Ukilijaza tena, linafumuka palepale. Akishika mimba nyingine asikae nyumbani anahesabu miezi. Mlete mapema. Ikiwa mimba inataka kumuua mama, sheria hainikatazi kumwokoa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, daktari. Na tukija tusikukute?"

Akacheka, korosho zikamtoka mdomoni. "Mtaikuta hospitali. Kwani mimi ndiye hospitali?"

Neno lile nililifunga kama mtu anavyofunga pesa kwenye ncha ya kanga. Nikarudi Newala nimetulia. Niliamini kwamba kitu kikishakuwa halali kinakaa pale kilipo, hata aliyekitamka akiondoka, kama vile msikiti unavyobaki imamu akisafiri.

Dada alikuwa anachomwa sindano ya uzazi wa mpango kwenye zahanati ya jirani, maana sisi tunakaa upande wa kwenda Makote. Kuna kipindi alikwenda akaambiwa dawa haijafika, arudi. Akarudi, haijafika. Shemeji yangu naye akaja kutoka Tandahimba, anakofanya kazi ya kupulizia mashamba ya watu, akakaa siku chache, akaondoka.

Unajua niligunduaje kwamba ana mimba? Kwa chumvi. Nilikaa nikaona muda umekuwa mrefu na dada hajaniita jikoni. Anapika, anatia mwenyewe, anaonja mwenyewe. Siku moja nikamkuta anapepeta mahindi, nikachuchumaa pembeni.

"Dada, siku hizi chumvi unatia wewe tu."

Hakuacha kupepeta. "Umeona?"

"Nimeona."

"Basi ona na unyamaze."

Lakini nilimkumbusha maneno ya yule daktari, na yeye hakuwa amesahau, nani angesahau? Alikuwa na watoto watatu, wa mwisho hajaanza kutembea sawasawa. Asubuhi moja ya ukungu, ule ukungu wetu wa wakati wa baridi unaomeza mikorosho yote ukabaki unasikia mashine za kupulizia tu zikinguruma humo ndani, tukashuka kwenda Masasi. Nyumbani tulisema tunakwenda kununua vitenge.

Yule daktari hakuwepo. Mama mmoja aliyekuwa anapiga deki alituambia huku akikamua tambara, "Kahamishwa. Siku nyingi." Wapi? Hakujua. Huko mbali. Tukaingizwa kwa mwingine, kijana, amenyoa vizuri, viatu bado vipya vinalia akitembea. Alimsikiliza dada mpaka mwisho. Alipofika pale palipo na mimba na kovu na maneno ya mwenzake, akainuka akafunga dirisha. Joto la Masasi, halafu mtu anafunga dirisha! 

"Aliyewaambia hayo hayupo," akasema kwa sauti ya chini.

"Lakini alisema hospitali ipo," nikasema mimi.

"Hospitali ipo. Na mimi nipo, na nina watoto." Alipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. "Dada zangu, siwaambii sheria imebadilika. Haijabadilika. Lakini yakitokea maneno, nani atasimama aseme huyu aliokoa, hakuua? Kuna mwenzetu aliitwa akahojiwa mpaka akaacha kazi. Leteni mume. Leteni na mkubwa wa ukoo. Wakikubali mbele yangu, nitampigia mkubwa wangu, tutaona."

"Tutaona nini?" dada aliuliza.

Akarudi kupangusa meza. Nilimtazama nikaona kitu ambacho sikukitegemea kwa mtu mwenye koti jeupe. Alikuwa anaogopa. Alikuwa anatuogopa sisi, wanawake wawili wenye ndala.

Mume angefuata tu atakachosema mkubwa wa ukoo, na mkubwa wa ukoo, kwetu, ni mjomba. Baba anaweza kuwepo au asiwepo. Mambo ya watoto wa dada yake yanaamuliwa na mjomba. Na mjomba wetu, tuliyekaa naye ua mmoja, hakuwa mtu wa kupiga. Ukali wake ulikuwa wa kunyamaza. Ukimwambia jambo baya anakutazama, anakohoa, anatazama pembeni, na wewe unatamani angekupiga tu yaishe. Alikuwa anasimama mbele msikitini asipokuwepo imamu. Kwenye mikutano ya kijiji alikuwa anasema kuhusu mabinti mpaka mabinti wanainamisha vichwa.

"Nitamwambia mimi," nilimwambia dada tukiwa tunasubiri gari la kurudi.

"Umwambie nini? Kwamba nimekuja kuomba ruhusa ya kutoa mtoto?"

"Nitamwambia utakufa."

"Atasema kufa ni kwa Mungu. Halafu atakohoa." Akanishika mkono, akaubana kweli. "Ukimwambia mjomba, mimi na wewe hatujuani."

Nilikuwa na mawazo yangu ya kipumbavu, kama kawaida. Nikasema nitamtafuta yule mama daktari nchi nzima, nitauliza hospitali moja baada ya nyingine, mwanamke mnene mwenye korosho mfukoni. Dada alitabasamu kidogo. Gari lilipoanza kupanda mlima na ukungu ukaturudia madirishani, aliegemeza kichwa begani kwangu, na sikusema tena habari za kioo wala tangi.

Zikapita siku. Kisha jioni moja nilipokuwa natoa vidole vyangu kwenye maji ya moto, maana kusuka kunauma, nikasikia dada ananiita kutoka jikoni.

"Mdogo wangu. Njoo utie chumvi."

Nikakimbia. Nikachukua kifuu, nikatia, nikaonja, na machozi ya furaha yakawa yananidondokea mchuzini. Mama yetu alikuwa barazani anabangua korosho, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu. Aliona. Kumbe naye alikuwa anahesabu. Sisi tulidhani hajui, na yeye alikuwa anakaa anatazama kifuu kinashikwa na nani. Alitazama juu, akamwita Mungu kikwetu, taratibu, "Nnungu wangu, ahsante," akaendelea kubangua kwa kasi kama msichana.

Hapo ndipo tulipokosea, sote watatu tuliokaa katika nyumba moja. Chumvi ilituambia mimba haipo, tukafurahi, na adabu ikatuzuia kuuliza imeondokaje. Mungu amemrahisishia, ndivyo nilivyojiambia. Kila jioni niliitwa, nikatia. Dada alikuwa anasonga ugali amekaa, mwiko unakwenda polepole. Alijifunga kanga juu ya kanga, na ilikuwa baridi, kila mtu amejifunga. Nyumba ilinuka salfa, ule unga wa kupulizia mikorosho, kwa sababu wanaume wanatoka mashambani nayo, inaingia kwenye nguo, kwenye mito, kwenye maji ya kunywa. Harufu nyingine yoyote ilijificha humo. Mama alikuwa anamsifu, "Umepungua, umependeza." Na mimi nilitia chumvi jioni baada ya jioni, mpaka ilipopita kiasi cha siku za mwanamke yeyote ninayemjua, na bado sikuuliza.

Asubuhi yenyewe nilikuwa nafunga mkoba wangu wa vitana niende stendi. Nikasikia ndoo inaanguka kwenye kisima chetu cha kukingia mvua, si kule ndani, nje, kwenye sakafu. Maji huwa hatuyamwagi hivyo. Nilipotoka nilimkuta dada amekaa chini katikati ya maji, ameegemea ukuta wa kisima, na maji yaliyomzunguka yalikuwa yanabadilika rangi.

"Usipige kelele," akasema.

Alikuwa anawaka moto. Midomo imekuwa ya kijivu. Nikamfungua kanga ya juu, na ya pili, na ya tatu.

"Dada, umefanya nini?"

"Kuna mtu alinipa kitu ninywe. Ilitoka. Haikutoka yote."

"Nakwenda kumwita nesi."

Akanikamata mguu. Hakuwa na nguvu za kuinuka lakini mguu aliukamata. "Usimwite. Wataniuliza. Wataniuliza, wataniandika, watakuja na mgambo. Nikifa mtanizika, yatakwisha. Nikifungwa, wanangu wataitwa watoto wa muuaji mpaka wazeeke."

Nimewahi kuogopa nyoka, nimewahi kuogopa radi, huku juu inapiga kama imekukusudia. Sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa kumwona mtu anaogopa swali kuliko kifo.

Mama alitoka, akaona, akajipiga mapaja mara moja tu. Mara tukasikia hatua kwenye njia. Mjomba alikuwa anarudi kutoka shambani. Salfa hupulizwa alfajiri, majani yakiwa na umande ndiyo unga unashika, kwa hiyo saa hizo ndizo anarudi, mashine mgongoni, na mwili mzima wa njano: nyusi, ndevu, masikio. Alisimama kwenye ua kama mtu aliyepakwa.

Alitazama maji. Alimtazama dada.

"Nani amemfanya hivi?" aliuliza.

Mama yetu ni mdogo wake. Sijawahi kumsikia akimpandishia sauti hata siku moja, akiongea naye hukaa chini. Siku ile alisimama.

"Maswali yako yatie kwenye hiyo mashine ukaipulizie mikorosho! Mwanangu anakufa, kaka!"

Mjomba alikohoa. Mimi nikajua sasa atatazama pembeni. Lakini alivua mashine, ikaanguka kwa kishindo, akainama akambeba dada kama anavyobebwa mtoto aliyelala. Viganja vyake viliacha alama za njano kwenye kanga.

Kijana wa bajaji tuliyempata barabarani alituona, akashuka.

"Jamani, kiti changu. Kesho napeleka biarusi."

Mjomba akavuta mfuko mtupu wa salfa kutoka kiunoni, akautandika kwenye kiti.

"Mzee, hiyo salfa si itamwasha biarusi makalio?"

"Endesha," akasema mjomba, na yule kijana akaendesha kweli, kwenye matuta hakupunguza, huku akisema "samahani dada, samahani dada" kila tunaporuka.

Kwenye kituo cha afya walikuwepo wawili, nesi na mwenzake wa kiume. Yule mwenzake alifunua shuka, akafunika.

"Hii ni ya polisi hii. Tusiiguse mpaka mtendaji wa kijiji afike."

Dada alifumba macho. Nilimwona anafumba kama mtu aliyesikia alichokuwa anakisubiri.

"Damu nayo inamsubiri mtendaji?" nesi aliuliza. Alikuwa tayari anatafuta mshipa. Sindano ikaukosa, akaitoa, akajaribu tena. "Utaratibu ni kutibu kwanza. Kama unaogopa, kaa nje, nitasema nilikuwa peke yangu."

Yule mwenzake hakukaa nje. Alisimama pale, akashika chupa ya dripu juu, uso ameugeuzia ukutani.

Nesi hakuuliza nani. Aliuliza damu imeanza lini, homa imeanza lini, mimba ilikuwa ya miezi mingapi, amewahi kupasuliwa? Nikajibu yote. Dada alifumbua macho akanitazama kana kwamba ninamuuza. Niliendelea kujibu. Alama ya kovu nilimwonyesha mwenyewe kwa kidole. Nesi alipoligusa tumbo dada akalia, na nesi akanitazama kwa namna ambayo sitaki kuikumbuka, akatoka mbio kuita gari la wagonjwa.

Tulishuka tena Masasi, safari hii kwa king'ora. Mjomba alikaa mbele, mimi nyuma na dada na nesi. Ukungu ulikuwa mzito kwenye kona za mlima. Nesi alikuwa ananong'ona, nilidhani anasoma dua, kumbe anahesabu mapigo ya moyo, akifika mahali anarudia, kama hayamtoshi.

Na nani alitupokea? Yeye yule, daktari kijana. Viatu vilikuwa havilii tena, vilikuwa vimezoea sakafu. Alimpima dada haraka, akasema apelekwe chumba cha upasuaji, kizazi kimeoza, pengine kimefumuka, damu itafutwe. Alikuwa anafanya kazi vizuri, siwezi kumsingizia. Akiwa anavaa kofia yake ya kijani akatugeukia, akasema yale wanayosema wote:

"Mngekuja mapema."

Mimi mtu wa kucheka. Sijui sauti ile ilitoka wapi.

"Tulikuja, daktari. Ulitwambia tumlete mjomba." Nikamwonyesha. "Huyu hapa."

Daktari alimtazama yule mzee wa njano. Mjomba alimtazama daktari, akanitazama mimi, akarudi kwa daktari. Hakuna aliyekohoa.

"Mimi?" mjomba akasema. "Nilikuwa nasubiriwa mimi?"

 Daktari akaifunga ile kofia, akaingia ndani, na mlango ukajifunga wenyewe nyuma yake.

Tulikaa kwenye benchi. Mjomba alikaa ameweka mikono juu ya magoti, na kila mtu aliyepita alitazama ile njano. Alinigeukia mara moja tu.

"Dada yako alisema nitajibu nini?"

"Alisema utakohoa, mjomba."

Akaitikia kwa kichwa. Alikaa muda mrefu anajizuia, nikaona koo linapanda na kushuka, salfa inamkera, na hakukohoa.

Dada alipona. Kizazi walikiondoa. Walimwongezea damu ya watu asiowajua na mmoja anayemjua, kwa maana yule nesi alijitolea. Mgambo hakuja. Nilikaa siku zote wodini nikiutazama mlango, nikiona kofia yoyote naruka, na hakuja. Daktari alipita kila asubuhi, akasoma vipimo, akasema "unaendelea vizuri", na hakunitazama. Siku ya kuruhusiwa alisimama kidogo kwenye kitanda, akasema, "Nilitakiwa..." Akaitwa kwingine. Nimeikubali hiyo nusu aliyoisema. Nimejua tangu siku ile kwamba anajua.

Ila hofu yangu haikubaki Masasi. Baadaye nilimpelekea nesi ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyetu vya porini, kumshukuru, nikamuuliza jambo lililokuwa linanisumbua: ule utaratibu wa kutibu kwanza, umeandikwa wapi? Nilitaka nionyeshwe ukutani.

"Upo," akasema. "Tulifundishwa. Lakini kwa hapa kituoni upo vichwani mwetu."

"Na ukihamishwa?"

Akamenya mng'oko mwingine. Nikakumbuka korosho kwenye kiganja changu, na yule mama anacheka, kwani mimi ndiye hospitali? Nikaona kwamba kitu kinaweza kupotea bila mtu yeyote kukifuta. Anahamishwa mmoja, anaogopa mmoja, anafungwa dirisha moja. Sheria inakaa palepale ilipo, na wewe unarudi nyumbani kwenye ukungu.

Na kuna wanaotaka kukiondoa kwa makusudi. Kwenye mkutano wa kijiji, korosho zilipokuwa zimeanza kuokotwa, alisimama bwana mmoja anayependa kusimama, akasema mimba zimekuwa zinapotea ovyo, kwa hiyo mwanamke yeyote ambaye mimba imemtoka aripotiwe kwa mtendaji kabla hajapewa usafiri wa kwenda kutibiwa. Watu walipiga makofi. Wanawake pia walipiga. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na dada kando yangu, na nilisikia mwili wake unakuwa mgumu kama ubao. Nilitaka kusimama. Nikabaki mkekani, nasema kweli. Nilikuwa nafikiri, nikisimama watauliza wewe unajuaje, na dada yupo hapa.

Mwenyekiti akamtafuta mjomba kwa macho, kama kawaida, ili atie muhuri.

Mjomba alisimama taratibu. "Mgonjwa wangu aliwahi kunisubiri mimi," akasema. "Anavuja damu, ananisubiri. Na mimi sina taarifa, napuliza mikorosho. Sasa mnataka amsubiri na mtendaji." Akatazama pembeni. "Mimi sitaki kusubiriwa tena." Akakaa.

 Mtu mmoja nyuma akacheka, mwingine akamwambia nyamaza. Mwenyekiti akasema jambo hili litarudi kwenye mkutano ujao. Dada alinifinya kidole, lakini mimi sikufurahi kama yeye. Nilisikia neno moja tu, litarudi. Na mjomba ni mzee, kifua chake kimeshaliwa na salfa, mkutano ujao anaweza asisimame. Tangu hapo kila ubao wa matangazo ukibandikwa karatasi mpya nakwenda kuisoma mpaka chini. Kila mwezi napita kituoni na kisingizio chochote, niangalie kama nesi bado ni yule. Amenizoea, akiniona anasema, "Bado nipo, nenda kasuke." Mwenzake, yule aliyeshika chupa, siku hizi ananisalimia yeye kwanza. Nikamuuliza, nesi asipokuwepo utafanya nini? Akasema, "Nitatibu kwanza." Nikamwambia arudie. Alirudia, akacheka, mimi sikucheka.

Jambo lile halijarudi mkutanoni bado. Kama nitasimama siku hiyo au nitabaki mkekani tena, sijui.

Dada hana tena siku zake, hatakuwa nazo maisha. Kwa hiyo chumvi anatia yeye, kila siku, bila kupumzika. Na wanawake wa jirani wamejua, maana mambo haya hujulikana bila kusemwa. Mwenye kukosa wa kumtilia anakuja na chungu chake kwetu, kwa kuwa hapa mkono safi haukosekani. Wanakuja, dada anatia, wanaondoka. Adabu ileile.

Juzi alikuja mke mdogo wa nyumba ya pili, aliolewa mwaka huu, bado ana rangi ya hina kwenye kucha. Alibeba sufuria ya kisamvu kwa mikono miwili. Ilikuwa mchana, jua kali, na alikuwa amejifunga kanga juu ya kanga.

"Shikamoo dada. Naomba unitilie."

"Marahaba." Dada alichukua kifuu, akatia mkono ndani, akauacha humo humo. Hakutoa chumvi. "Jana pia ulikuja."

"Ndiyo."

"Na juma lililopita."

Yule binti akaitazama sufuria yake. Mimi nilikuwa nasuka mteja uani, nikaacha vidole kwenye nywele. Mama barazani akaacha kubangua. Swali lile kwetu haliulizwi, na sote tulijua linakuja.

"Tangu lini, mdogo wangu?" dada akauliza.

Binti aliinamia sufuria. Mvuke wa kisamvu ulikuwa unampanda usoni. Dada akaweka kifuu chini, akamshika mkono, akaweka mgongo wa kiganja chake kwenye shingo ya binti kupima joto, kisha akanitazama mimi, na mimi nilikuwa nimeshasimama natafuta ndala niende kituoni.